Jinsi ya Kuandaa Michoro ya Karakana ya Chuma kutokana na Modeli ya Mhandisi, na Mahali Programu ya Usanifu Inapokomea

Programu za usanifu wa miundo kama SAP2000, ETABS, STAAD.Pro na Robot zimetengenezwa kujibu swali moja kubwa, yaani kama jengo litasimama chini ya mizigo iliyotajwa na kama kila kipande kitabeba kani yake bila kuvunjika, kujikunja wala kuyumba kupita kiasi. Mchoraji wa michoro ya karakana ana swali jingine. Anatakiwa aeleze kila kipande kikatwe kwa urefu gani, kitobolewe wapi, kilehemiwe vipi, na kitapenya namna gani hadi mahali pake kikiwa kimening'inia kwenye kreni. Matatizo mengi ya kazi hii huanzia pale mtu anapodhani kwamba jibu la swali la kwanza limekwisha kujibu la pili. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipokea modeli ya mhandisi, namna ya kutambua mambo ambayo haikuyajibu, na namna ya kuyatafutia majibu kabla chuma hakijakatwa.

Mistari isiyo na unene

Ndani ya programu ya usanifu, boriti ni mstari unaopita katikati ya umbo lake, nguzo ni mstari, na mahali mistari hiyo inapokutana ni nukta tu. Kwa hesabu ya kani, kurahisisha huku kunafaa sana. Kwa karakana, kila nukta ya namna hiyo ni mahali ambapo vyuma viwili au zaidi vinagombea nafasi moja, kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kurudisha unene pale ulipoondolewa.

Chukua boriti ndogo ya IPE 200 inayoishia kwenye boriti kuu ya IPE 300; IPE ni umbo la Ulaya la aina ya I, na namba yake ni kimo kwa milimita. Katika modeli mistari yao ya kati iko kwenye kimo kimoja. Katika jengo, sakafu inataka nyuso zao za juu zilingane. Kitovu cha IPE 300 kiko milimita 150 chini ya uso wake wa juu na cha IPE 200 kiko milimita 100, hivyo ukiichukua modeli kama ilivyo, boriti ndogo itakaa milimita 50 chini ya mahali inapotakiwa, na mabati ya sakafu hayatakuwa na pa kulalia. Kabla ya kuchora kipande chochote, tafuta katika michoro ya mhandisi au ya msanifu majengo kimo cha uso wa juu wa chuma kwa kila sakafu, kisha ulinganishe na modeli. Usikipime kimo hicho kutoka kwenye modeli yenyewe.

Ukishazilinganisha nyuso za juu, linazuka jambo la pili. Flenji ya boriti kuu, yaani bamba la ulalo lililo juu na chini ya umbo la I, ina upana wa milimita 150, na ukuta wake, yaani bamba la wima lililo kati ya flenji mbili, una unene wa milimita 7.1. Flenji hiyo basi inajitokeza takriban milimita 71 kila upande, na boriti ndogo haiwezi kuufikia ukuta bila kukatwa pembe yake ya juu. Kina cha mkato huo lazima kivuke unene wa flenji, milimita 10.7, pamoja na mviringo wa ndani wa milimita 15 pale flenji inapoungana na ukuta, kwa hiyo tuseme milimita 30. Pale ulipokatwa, mwisho wa boriti ndogo hauna tena flenji ya juu, ilhali programu ilipoithibitisha boriti hiyo iliithibitisha ikiwa nzima.

Hapo ndipo bolti zinapoanza kukosa nafasi. Sehemu iliyonyooka ya ukuta inayobaki ni 200 ukitoa 30 za mkato, 8.5 za flenji ya chini na 12 za mviringo wake, yaani milimita 149.5. Kwa bolti za M20, yaani zenye kipenyo cha milimita 20, na matundu ya milimita 22, kanuni za Ulaya za EN 1993-1-8 zinataka umbali kati ya bolti usipungue mara 2.2 ya kipenyo cha tundu na umbali kutoka ukingoni usipungue mara 1.2. Bolti tatu zilizopangwa wima zitahitaji milimita 149.6 kwa vipimo vya chini kabisa, bila nafasi yoyote ya hitilafu ya kukata. Kama jedwali la mhandisi limeagiza bolti tatu, kiungio hicho hakichoreki, na ni vema ukweli huo ujulikane mapema kuliko kugunduliwa na fundi mwenye kekee mkononi.

Njia mbadala ni kurefusha bamba la kiungio ili boriti ndogo iishie nje ya flenji, bila kukatwa pembe. Njia hii hupendwa kwa kuwa inapunguza kazi ya karakana, lakini bolti zinahamia takriban milimita 120 kutoka kwenye ukuta wa boriti kuu. Kwa kani ya kilonewtoni 40 hiyo ni momenti, yaani nguvu ya kupinda, ya kilonewtoni-mita 4.8, ambayo haimo popote katika modeli, na inaibebesha boriti kuu msokoto ambao maumbo ya aina ya I huubeba vibaya. Kuchagua kati ya njia hizi mbili ni uamuzi wa kihandisi. Mchoraji anaweza kuupendekeza, lakini haufai kufanyika kimyakimya kwenye skrini yake.

Je, kipande kinaingia?

Hata pale nguvu inapotosha, nafasi inaweza isitoshe, na programu ya usanifu haina namna ya kulijua hilo. Boriti ya IPE 300 inayoungana na ukuta wa nguzo ya HEA 200, umbo la I lenye flenji pana, ni mfano unaojirudia katika majengo mengi. Kati ya flenji mbili za nguzo hiyo kuna milimita 170, lakini ukiondoa mviringo wa ndani wa milimita 18 kila upande, sehemu iliyonyooka ni milimita 134 tu. Bamba la mwisho, yaani lile linalolehemiwa kwenye ncha ya boriti, likiwa na upana sawa na boriti, milimita 150, litapanda juu ya mviringo na halitakaa sawasawa ukutani. Ukilipunguza hadi 130, umbali kati ya safu mbili za bolti za M20 hauwezi kuzidi milimita 77 kama unataka kuheshimu umbali wa ukingo, na ukiweka 75, kona ya nati inabaki chini ya milimita 18 kutoka kwenye ukuta wa boriti, kabla hata ya kuhesabu mshono wa kulehemu. Spana haizunguki kwa raha katika nafasi hiyo.

Programu ingeonyesha boriti na nguzo hizo kwa rangi ya kijani, yaani zimefaulu ukaguzi wa nguvu. Na ukiamua kutumia bamba refu linalotoka nje ya flenji za nguzo, bolti zitakuwa milimita 147 kutoka ukutani. Boriti ikileta kilonewtoni 80, nguzo inapata takriban kilonewtoni-mita 11.8 kwenye upande wake dhaifu, ambayo ni karibu robo ya uwezo wa HEA 200 wa chuma cha daraja la kawaida la S235 kuhimili momenti upande huo. Mpelekee mhandisi hesabu hiyo ikiwa imeandikwa. Huenda amekwisha kuacha nafasi ya kutosha, na huenda nguzo hiyo tayari imetumika kwa asilimia 95.

Kwa sababu hiyo ninashauri kila kazi ianze kwa kuchora viungio vibaya kuliko vyote, si vile vinavyojirudia sana. Tafuta nguzo nyembamba kuliko zote inayopokea boriti pana kuliko zote, mahali boriti tatu zinapokutana kwa pembe zisizo mraba, na mahali chuma cha mshazari kinapoingia kwenye kona ambayo tayari ina boriti pande mbili. Vyombo vya kuthibitisha viungio vilivyomo ndani ya programu za usanifu hufanya kazi kwa orodha ya viungio vya kawaida, na mara nyingi vitatu hivi havimo katika orodha hiyo.

Kusoma jedwali la kani

Mhandisi anapokuachia usanifu wa viungio, hukupa jedwali la kani. Jedwali hilo lisomwe kwa kujua lilivyozaliwa.

Jambo la kwanza la kukagua ni sifuri. Katika modeli nyingi za majengo, sakafu ya zege huwekwa kuwa ngumu kabisa katika ulalo wake ili hesabu iwe nyepesi. Nukta zote za sakafu hiyo zinasogea kwa pamoja kama kitu kimoja, hivyo boriti zilizo ndani yake haziwezi kurefuka wala kufupika, na programu inaandika kani ya sifuri kwa urefu wa kila boriti. Katika jengo halisi kani ya upepo au ya tetemeko inasafiri ndani ya boriti fulani hadi kufikia vyuma vya mshazari, na kiungio cha mwisho wa boriti hiyo kinavutwa kwa nguvu kubwa. Ukiona boriti iliyo kwenye mstari mmoja na vyuma vya mshazari ikiwa na sifuri kwenye safu ya mvuto, usiamini mpaka mhandisi akuthibitishie. Kosa hili halionekani kwa macho, kwa sababu jedwali linaonekana limekamilika.

Jambo la pili ni thamani za juu zilizokusanywa kutoka kwenye michanganyiko tofauti ya mizigo. Mvuto mkubwa unaweza kutokana na upepo wa upande mmoja na kani kubwa ya mkato (shear) ikatokana na mzigo kamili wa sakafu, na viwili hivyo visitokee kwa wakati mmoja. Ukivijumlisha unapata kiungio kizito bila sababu. Hatari zaidi iko upande wa pili: alama ya kujumlisha na ya kutoa inapofutwa, mvuto na msukumo vinaonekana kuwa kitu kimoja, na kitako cha nguzo kinachoweza kunyanyuliwa na upepo kinachorwa kana kwamba kinasukumwa chini siku zote. Omba kani za wakati mmoja, zikiwa na alama zake, kwa kila kiungio kisicho cha kawaida.

La tatu ni aina ya kiungio chenyewe. Mwisho wa boriti uliowekwa huru kuzunguka katika modeli unatakiwa ubaki na ulegevu wa kutosha katika jengo. Bamba nene la mwisho lenye bolti nyingi juu na chini ya boriti linaweza kuonekana kuwa ni uangalifu wa ziada, ilhali linaingiza momenti kwenye nguzo ambayo haikuhesabiwa. Kinyume chake, yaani kiungio legevu mahali modeli ilipodhani kigumu, ni hatari vilevile. Pitia orodha ya ncha zilizolegezwa, boriti moja baada ya nyingine, na uiandike kwenye mchoro wako wa mpangilio kabla hujachagua kiungio hata kimoja.

Chuma cha pembe na tundu lake

Chuma cha pembe cha 80x80x8 kina eneo la milimita za mraba 1227. Kwa S235, programu isiyojua lolote kuhusu mwisho wake itakipa uwezo wa kuvutwa wa takriban kilonewtoni 288. Sasa kifunge kwa bolti mbili za M20 kupitia mguu mmoja, kwa umbali wa milimita 55 kati ya bolti, mpangilio wa kawaida kabisa. Tundu linaondoa milimita za mraba 176, na kwa kuwa mguu mmoja tu ndio umeshikwa, EN 1993-1-8 inapunguza uwezo wa kile kilichobaki kwa kigezo cha 0.4. Uwezo unakuwa takriban kilonewtoni 121, yaani chini ya nusu.

Programu nyingi zina mahali pa kuingiza upungufu huu, lakini pasipojazwa hutumia umbo zima. Kwa kila chuma cha mshazari, linganisha kani na uwezo wa mwisho wake uliotobolewa. Bolti tatu badala ya mbili, au nafasi ndefu zaidi kati yake, zinaweza kurudisha sehemu ya uwezo huo bila kubadilisha chuma.

Lipo pia suala la mstari wa kani. Katika modeli, mistari ya kati ya mshazari, boriti na nguzo inakutana kwenye nukta moja. Mchoraji anapolihamisha bamba ili lipate nafasi, mistari hiyo inaachana. Kilonewtoni 200 zikiachana kwa milimita 100 zinazaa kilonewtoni-mita 20. Tarehe 18 Januari 1978 paa la ukumbi wa Hartford Civic Center huko Marekani lilianguka chini ya theluji, saa chache baada ya maelfu ya watazamaji wa mpira wa kikapu kuondoka chini yake. Paa hilo lilikuwa limesanifiwa kwa hesabu za kompyuta. Uchunguzi ulionyesha kwamba vyuma vya juu vilivyobeba msukumo havikuwa vimeshikiliwa katikati kama hesabu ilivyodhani, kwa kuwa viungio vilivyojengwa vilikutanisha vyuma kwa namna tofauti na mistari ya modeli. Wakati wa ujenzi, paa lilikuwa limepimwa likilegea takriban mara mbili ya ilivyotabiriwa, na vipimo hivyo havikuchukuliwa kuwa onyo.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 17 Julai 1981, njia za kupitia zilizoning'inizwa ndani ya hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City zilianguka na kuua watu 114. Mchoro wa awali ulikuwa na fimbo moja ndefu iliyopita njia mbili, ya juu na ya chini. Ili kurahisisha utengenezaji, fimbo hiyo iligawanywa kuwa mbili, na hivyo nati iliyo chini ya boriti ya njia ya juu ikabeba uzito wa njia zote mbili. Badiliko lile lilionekana dogo kwenye karatasi. Ninalitaja kwa sababu kila mchoraji hupendekeza mabadiliko ya aina hiyo mara nyingi katika kazi yake, na hakuna programu itakayokwenda kuifungua tena modeli na kuyahesabu kwa niaba yake.

Kuhamisha modeli

Faili ya IFC au ya CIS/2, miundo ya faili ya kuhamishia modeli kati ya programu, inaokoa kazi ya kuchapa, na ninaunga mkono matumizi yake, mradi ichukuliwe kuwa rasimu. Boriti moja inayopokea boriti ndogo nne huenda ikawasili ikiwa vipande vitano, kwa sababu programu ya usanifu huigawa kila penye nukta. Maumbo yasiyo na ulinganifu, kama chuma cha pembe, cha U na cha Z, huwasili yakiwa yamegeukia upande usio sahihi. Majina ya maumbo yasiyofahamika upande wa pili hubadilishwa na jina lililo karibu, au huachwa wazi. Baada ya kuhamisha, toa orodha ya maumbo na aina za chuma kutoka kila upande, uzilinganishe mstari kwa mstari. Modeli ya mhandisi ikibadilika, usiiingize upya juu ya kazi yako. Linganisha toleo jipya na la zamani, kisha ubadilishe kwa mkono vipande vilivyoguswa.

Uzito unaotolewa na programu ya usanifu nao usipewe mnunuzi. Unahesabiwa kutoka nukta hadi nukta, kwa hiyo unarefusha boriti hadi katikati ya nguzo, na wakati huohuo hauna bamba, bolti wala mshono hata mmoja.

Mshono wa milimita tano

Kipimo cha mshono wa kulehemu kinapotoka kwenye hesabu ya Ulaya, mara nyingi ni unene wa koo, unaopimwa kutoka kwenye kona ya ndani hadi usoni pa mshono, na huandikwa kwa herufi a. Karakana nyingine hupima mguu wa mshono, herufi z. Mshono wa a5 una mguu wa takriban milimita 7. Mlehemu akipokea namba 5 isiyo na herufi na kuisoma kuwa mguu, mshono wake utakuwa na asilimia 70 ya nguvu iliyokusudiwa. Kila namba ya mshono kwenye michoro yako iwe na herufi yake, na maelezo ya jumla yaseme kipimo ni kipi.

Yasiyomo kabisa katika modeli

Modeli huchukulia kwamba jengo lipo tayari, limekamilika. Haijui nguzo itasimama vipi kabla ya boriti kufika, na inaweza kuridhika na bolti mbili za nanga, ilhali kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, zinataka angalau nne ili nguzo ihimili kusukumwa wakati wa kusimamishwa. Haijui kwamba boriti mbili zinazokutana pande mbili za ukuta mmoja wa nguzo kwa bolti zilezile zitamlazimu fundi afungue ya kwanza ili aingize ya pili, hatari ambayo huondolewa kwa bolti moja ya ziada au kwa kiti kidogo cha kushikilia. Haijui urefu wa lori. Haijui kwamba bomba lililozibwa pande zote, likizamishwa, ili lisishike kutu, katika zinki yenye joto la takriban nyuzi 450 za Selsiasi, linaweza kupasuka kwa mvuke ulionaswa ndani, kwa hiyo matundu ya kutolea hewa na kumwaga zinki lazima yachorwe, tena mahali ambapo hayatadhoofisha kipande. Na haijui kwamba chuma kinachotoka kiwandani kina hitilafu zinazoruhusiwa: kwa boriti za aina ya I zenye kimo cha zaidi ya milimita 180 hadi 400, EN 10034 inaruhusu kimo kizidi kwa milimita 4 au kipungue kwa 2. Ndiyo maana ncha ya boriti huachiwa nafasi ya takriban milimita 10, na vipande vyembamba vya kujazia huwekwa kwenye orodha ya mzigo tangu mwanzo.

Kuuliza mhandisi

Swali zuri kwa mhandisi linataja namba ya boriti na mhimili wa gridi, linaeleza kile modeli inachosema, linaonyesha kwa mchoro wenye vipimo kwa nini hakiwezekani au hakieleweki, na linapendekeza njia moja au mbili. "Tafadhali thibitisha kiungio" si swali, kwa kuwa mhandisi atalijibu kwa kuthibitisha namba alizozitoa mwanzo. Andika badala yake kwamba bolti tatu za M20 zinahitaji milimita 149.6, kwamba ukuta ulionyooka una 149.5, na kwamba unapendekeza bolti mbili za M24 au boriti yenye kimo kikubwa zaidi, naye aseme ipi.

Kusanya maswali ya aina moja pamoja, yapeleke kabla ya kuagiza chuma, na usikubali jibu la mdomo likageuka mkato kwenye bamba. Jibu likifika, namba yake iandikwe kwenye mchoro wa kipande husika, ili anayekagua michoro aweze kufuatilia kila tofauti kati ya modeli ya mhandisi na chuma kinachotengenezwa. Tofauti yoyote isiyo na namba irudishwe kwa mchoraji, hata kama inaonekana salama.